Setilaiti Iliyopita Juu ya Makoko

Siku moja pale kijiweni kwetu Makoko niliwasomea washikaji sura ya kwanza ya riwaya ninayoiandika. Ndani yake yumo kijana wa Musoma anayechunguza mambo ya anga. Sikufika hata ukurasa wa tatu. Mmoja akanikatiza: "Wee, acha fiksi zako! Sisi na anga wapi na wapi? Andika habari za dagaa." Wakacheka. Nami nikacheka, maana jibu sikuwa nalo. Fizikia ya kidato cha nne nilipata D, tena kwa kuponea chupuchupu. Lakini usiku ule usingizi haukuja, na kesho yake nikaanza kutafuta. Nilichokipata ndicho hiki, ndugu msomaji. Soma, halafu uamue mwenyewe kama ni fiksi.

Tuanzie mbali kidogo. Dunia yetu ni sumaku kubwa, na nguvu ya sumaku hiyo imetanda angani kama ngome. Wataalamu wanaiita magnetosfia. Ndani ya ngome hiyo zimenaswa chembe ndogo mno zenye umeme, yaani protoni na elektroni, zinazokwenda kwa kasi ya kutisha. James Van Allen wa Marekani ndiye aliyezigundua mwaka 1958, kwa vipimo vya setilaiti za mwanzo kabisa za nchi yake.

Ngome yenyewe haijatulia hata kidogo. Mwaka 1859, wakati wa dhoruba kubwa iliyotoka kwenye jua, Balfour Stewart aliona kwenye mitambo ya Kew, karibu na London, kwamba sumaku ya Dunia inayumba polepole, inakwenda na kurudi. Mwaka 1942 Hannes Alfvén wa Sweden akaeleza jinsi mawimbi yanavyoweza kusafiri ndani ya kitu kinachopitisha umeme kikiwa kimeshikwa na sumaku. Mwaka 1954 James Dungey wa Uingereza akaonyesha kuwa mistari ya sumaku ya Dunia inaweza kutikisika kama nyuzi za gitaa. Ila gitaa hili ni la taratibu mno: mtikisiko mmoja unaweza kuchukua sekunde chache, au hata dakika 10.

Sasa mawimbi ya taratibu hivyo yana uhusiano gani na chembe zenye mbio? Hapo nilikwama, mpaka nikamkumbuka mjomba wangu, ambaye ni mvuvi. Siku ya kwanza kunipa kasia, nilipigana na mawimbi mpaka mikono ikafa ganzi, na mtumbwi ukawa unapanda na kushuka palepale. Akaniambia, "Mjomba, usishindane na wimbi. Lipe mwendo wake, uende nalo." Kweli, tulipokwenda sambamba na wimbi, likatusukuma lenyewe.

Basi na huko juu ni hivyohivyo. Elektroni yenye nguvu kubwa inaweza kuizunguka Dunia nzima kwa dakika kama 10. Ikikutana na wimbi linalokwenda mwendo mmoja nayo, inasukumwa na kuongezewa nguvu. Isipolingana nalo, inapandishwa na kushushwa tu. Setilaiti mbili za Marekani, Van Allen Probes, zilizofanya kazi kuanzia 2012 hadi 2019, zilishuhudia jambo hilo. Na si mchezo, kwa sababu elektroni zilizokolea nguvu namna hiyo huweza kuharibu mitambo ya setilaiti.

Haya, Makoko inaingiaje hapa? Subiri.

Mwaka 1967 Waitaliano, wakiongozwa na Profesa Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma, walianza kurusha setilaiti kutoka jukwaa la chuma lililosimama baharini Ngomeni, karibu na Malindi, Kenya. Linaitwa San Marco. Mpaka 1988 setilaiti 9 zilirushwa pale. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikisherehekea miaka 7 ya uhuru, ilirushwa moja ya Marekani iliyopewa jina la Kiswahili: Uhuru. Hiyo inatajwa mpaka leo.

Ila mwaka mmoja baadaye, tarehe 15 Novemba 1971, ilirushwa nyingine palepale: Explorer 45. Yenyewe ilipewa namba tu. Ilibeba vyombo vya kupima sumaku, umeme na chembe kwa pamoja, ili ijulikane dhoruba za sumaku zinavyotokea. Ilipanda mpaka kilomita kama 27,000, ikashuka, ikapanda tena, mara tatu kwa siku. Ilikuwa kazini wakati wa dhoruba ya Agosti 1972, ile iliyolipua mabomu ya sumaku ambayo Wamarekani walikuwa wameyatega baharini Vietnam, bila meli yoyote kuyagusa.

Na njia yake, ndugu msomaji, ilifuata ikweta. Haikutoka nje ya nyuzi 4, kaskazini wala kusini. Chukua ramani. Musoma ipo kwenye nyuzi 1 na nusu kusini. Bunda imo. Butiama kwa Mwalimu imo. Kwa hiyo nchi ilipokuwa ikijiandaa kwa sherehe za miaka 10 ya Uhuru, chombo kile kilikuwa kinakatiza anga ya ukanda wetu kila siku. Wazee wetu walikuwa ziwani, na hakuna aliyewaambia.

Hilo ndilo linaloniuma. Tulikuwemo kwenye hadithi hii tangu mwanzo, ila hatukuisimulia, mpaka mimi mwenyewe nikakosa la kujibu kijiweni.

Sura ya kwanza nimeichana. Mpya inaanzia Ngomeni, Novemba 1971, na sura ya pili ipo huku ziwani, usiku, karabai zimewashwa kwa ajili ya dagaa. Jumamosi nawasomea tena washikaji. Wakitaka kucheka, wacheke, lakini safari hii ramani nitakuwa nayo mfukoni.