Profesa Aliyeipa Redio Masikio

Mkiwa na Biblia karibu, someni baadaye Zaburi ya 94, mstari wa 9, mahali mtunga zaburi anaposema juu ya sikio na Yule aliyeliumba. Mimi leo nataka kuwaeleza habari za mtu ambaye kazi yake ndiyo iliyosaidia sauti kama hii yangu kuwafikia nyumbani. Wazazi wenye watoto wa sekondari wamewaona wakinyosha vidole vitatu, gumba, cha shahada na cha kati, wakikariri somo la umeme. Hiyo huitwa kanuni ya Fleming. Ndiye huyo.

John Ambrose Fleming alizaliwa Lancaster, Uingereza, tarehe 29 Novemba 1849, mtoto wa kwanza wa mchungaji wa Kanisa la Kikongregesheni. Nyumba ya mchungaji haina fedha nyingi, jambo ambalo nalijua vizuri. Basi kijana alifanya kazi ya ukarani mjini London huku akisoma jioni, akapata digrii yake mwaka 1870 katika University College. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1826 kwa watu wa kila dini, kwa maana wakati ule mtu asiye Mwanglikana hakuweza kupata digrii Oxford wala Cambridge. Sisi Waanglikana tulikumbuke hilo kwa unyenyekevu. Mwaka 1885 Fleming alirudi chuoni pale akiwa profesa wa uhandisi wa umeme, akafundisha mpaka 1926. Ile kanuni ya vidole aliitunga ili kuwarahisishia wanafunzi wake kazi.

Mwaka 1899 kampuni ya Marconi ilimchukua kuwa mshauri wake. Ndiye aliyepanga mitambo ya umeme wenye nguvu kule Poldhu, Cornwall. Tarehe 12 Desemba 1901 mitambo hiyo ilirusha ishara juu ya bahari ya Atlantiki, na Marconi, akiwa Newfoundland, akatangaza kwamba ameisikia: nukta tatu, yaani herufi S. Lakini kabla ya siku hiyo kampuni ilikwisha kumwambia Fleming kwamba sifa kuu itakuwa ya Marconi. Ikawa hivyo.

Labda wewe unayesikiliza umewahi kulima na mwingine akavuna, au umeandika hesabu zote za chama na siku ya sherehe jina lako lisitajwe. Unajua linavyouma. Fleming naye liliuma.

Tena masikio yake yalikuwa yakizidi kuwa mazito. Wenzake walipokea ishara kwa kutega sikio, kazi ambayo kwake ilikuwa ngumu. Alitaka chombo ambacho angeweza kukisoma kwa macho. Ndipo mwaka 1904 alipokumbuka taa fulani za umeme alizozichunguza miaka mingi nyuma, taa zenye kipande cha madini ndani, karibu na uzi unaowaka. Fikirini tyubu ya baiskeli. Ukipiga pampu, upepo huingia wala haurudi, kwa sababu ya vali. Umeme unaoletwa na mawimbi ya redio huenda mbele na nyuma upesi mno, hata chombo cha kupimia hakiwezi kuufuata. Taa ile iliupitisha upande mmoja tu, na chombo kikaonyesha ishara. Fleming akaiita vali, akaiandikisha tarehe 16 Novemba 1904. Wazee wetu wanazikumbuka zile redio zilizongoja kupata moto kabla ya kusema, na vitaa vikiwaka ndani. Zile ndizo vali.

Mmarekani Lee de Forest akaongeza sehemu ya tatu ndani ya vali, na hapo redio ikapata nguvu kweli. Wawili hao waligombana miaka mingi juu ya nani wa kwanza. Siwezi kuwaambia kwamba Fleming alikuwa mpole katika ugomvi ule, hakuwa. Mwaka 1943, akiwa na umri wa miaka 93, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba hati yake ya uvumbuzi haikuwa halali.

Imani yake je? Alihubiri katika kanisa la St Martin-in-the-Fields, London, juu ya ushahidi wa kufufuka kwa Bwana Yesu, akiyapima mambo kama mtu wa sayansi. Ni kanisa lile lile ambalo ibada yake ilitangazwa na redio ya BBC mwezi wa Januari 1924, kwa vali. Mwaka 1932 alisaidia kuanzisha chama cha kupinga mafundisho ya mageuzi ya viumbe, akawa rais wake wa kwanza. Katika jambo hili mimi sifuatani naye kabisa, na wako wanasayansi Wakristo wengi wasiofuatana naye. Lakini hakuificha imani yake mbele ya maprofesa wenzake, na kwa mtu wa cheo chake hilo si jambo dogo.

Mke wake wa kwanza, Clara, alifariki mwaka 1917. Mwaka 1933 alioa tena, akiwa na miaka 83. Hakujaliwa mtoto. Alifariki Sidmouth tarehe 18 Aprili 1945, akiwa na miaka 95, na sehemu kubwa ya mali yake aliyaachia mashirika ya Kikristo, hasa yale yaliyohudumia maskini.