Adabu za Mtandaoni

Adabu za mtandaoni ni taratibu za kuheshimiana baina ya watu wanaowasiliana kwa intaneti: kwenye barua pepe, makundi ya WhatsApp, mikutano ya video na mitandao ya kijamii. Nyingi hazikuandikwa popote. Mtu huzitambua akishazivunja, pale kundi zima linaponyamaza ghafla, au binamu anapompigia simu pembeni na kumwambia, "Ile picha ifute."

Chimbuko lake liko kwenye Usenet, mtandao wa majadiliano uliobuniwa mwaka 1979 na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani. Kila Septemba vyuo vilipofunguliwa, wanafunzi wapya waliingia humo bila kujua desturi. Waliuliza yaliyokwisha kujibiwa, wakatoka nje ya mada, wakaandika kwa herufi kubwa tupu. Wenyeji waliwaelekeza, wengine kwa upole na wengine kwa kejeli, na baada ya wiki kadhaa wageni nao wakawa wenyeji. Utaratibu huo ulivunjika miaka ya 1993 na 1994, kampuni za kibiashara kama AOL zilipowafungulia wateja wao mlango. Wageni wakawa wengi kuliko walimu, tena wakaingia mwaka mzima. Wakongwe wa Usenet wakakiita kipindi hicho Septemba isiyokwisha.

Miaka hiyohiyo desturi hizo zikakusanywa kitabuni na kwenye waraka. Mwaka 1994 Virginia Shea alitoa kitabu kiitwacho Netiquette, ambacho kanuni yake ya kwanza ni kukumbuka kwamba anayesoma ni binadamu. Oktoba 1995 ukatoka waraka RFC 1855, ulioandikwa na Sally Hambridge wa kampuni ya Intel kwa niaba ya kikundi kazi cha wahandisi wa intaneti. Waraka huo unaeleza kwamba herufi kubwa tupu zinasomeka kama kelele, na unakataza barua za mnyororo. Aliyekasirika ashauriwa alale kwanza ndipo ajibu. Mgeni naye atakiwa asome mazungumzo ya wenzake kwa mwezi mmoja au miwili kabla hajaandika neno.

Jambo linalojirudia humo ni gharama. Waraka unakumbusha kwamba barua pepe hulipiwa na anayeipokea karibu sawa na anayeituma, hivyo unashauri faili isizidi kilobaiti 50 hivi. Picha moja ya simu ya leo huuzidi ukubwa huo mara nyingi, lakini hoja haijazeeka. Anayemwaga video kumi kwenye kundi la ukoo saa kumi na moja alfajiri anamaliza bando la shangazi aliyejiunga kwa shilingi mia tano, na hakumuuliza.

Hata hivyo, kanuni zile za kubana matumizi hazikubaliani kila mahali na adabu ya Waswahili. Waraka wa 1995 unawaonya watu dhidi ya majibu yasiyoongeza kitu. Katika kundi la msiba, watu themanini wakiandika "Poleni sana" mmoja baada ya mwingine, hawaongezi habari yoyote, na wala si uchafu: ndiyo mahudhurio yenyewe. Asiyeandika ataulizwa. Vilevile kijana anayemwandikia mjomba wake moja kwa moja, "Naomba namba ya fundi," bila shikamoo, hataonekana mtu wa kuokoa muda. Ataonekana hakulelewa. Kwetu kunyamaza nako kuna gharama, na hilo wahandisi wale hawakulihesabu.

Yapo makosa ambayo watumiaji wa Afrika Mashariki huyaona mazito zaidi: kutangaza kifo kabla ya wafiwa wa karibu kuambiwa, kusambaza picha za majeruhi wa ajali, kupiga skrinishoti ya maongezi ya faragha, kumtaja hadharani ambaye hajatoa mchango wa harusi. Kumwingiza mtu kwenye kundi bila kumuuliza ni sawa na kuingia ndani bila hodi.

Kwa nini mtu mpole barazani hugeuka mkali kwenye simu? Mwanasaikolojia John Suler, katika makala yake ya mwaka 2004, alitaja sababu kadhaa: mtu hajulikani, haonekani, hajibiwi papo hapo, na humhisi mwenzake kama sauti iliyo ndani ya kichwa chake mwenyewe. Aliongeza kwamba hali hiyohiyo huwafanya wengine wafunguke kwa wema. Uso nao haupo. Ndiyo maana tarehe 19 Septemba 1982 Scott Fahlman wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon alipendekeza nukta pacha, kistari na mabano kuwa alama ya mzaha.

Sheria hushika pale adabu inaposhindwa. Tanzania ilitunga Sheria ya Makosa ya Mtandao mwaka 2015, na Kenya ikatunga yake mwaka 2018. Zote mbili zinaadhibu unyanyasaji wa mtandaoni. Utovu wa adabu wa kawaida hauzihusu.

Kufundisha ndiyo kazi ngumu, kwa kuwa ujuzi umegawanyika. Mjukuu ndiye anayejua pa kubonyeza. Bibi ndiye anayejua lipi lisemwe lini, na mbele ya nani. Wakikaa pamoja na simu moja, kila mmoja ni mwalimu. Mzazi amsomee mtoto kwa sauti ujumbe alioandika kwa hasira, naye atausikia kama utakavyosikiwa. Amwombe pia ruhusa kabla ya kuweka picha yake mtandaoni, maana mtoto ambaye hajawahi kuombwa hatajua kuomba. Admini mwenye busara humrekebisha aliyekosea pembeni, kwa ujumbe wa siri, asimvunjie heshima mbele ya wakwe.

Mahali pengine kampuni zimeacha kungoja adabu. Januari 2019 WhatsApp ilizuia ujumbe mmoja kusambazwa kwa zaidi ya mazungumzo matano kwa mkupuo. Aprili 2020 ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi ukaruhusiwa kwenda kwa moja tu, na kabla mwezi haujaisha kampuni hiyo ikatangaza kwamba usambazaji wa jumbe za aina hiyo umepungua kwa asilimia 70.