Tathmini binafsi ya walimu wa uuguzi
Tathmini binafsi ya umahiri ni utaratibu ambao mwalimu wa uuguzi hujipima mwenyewe maarifa, stadi na mwenendo wake wa kazi, kwa kawaida kwa kujaza dodoso lenye ngazi za alama. Kigezo kimoja cha kimataifa kilitolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2016. Kina maeneo 8, yakiwemo ujifunzaji wa watu wazima, mitaala, utendaji wa uuguzi, utafiti, maadili na uongozi. Nchini Kongo (Kinshasa) walimu wa uuguzi hufundisha katika taasisi za tiba za ngazi ya sekondari (ITM) na katika zile za elimu ya juu (ISTM), kama ile ya Kisangani. Alama za kujipa hazitoshi peke yake: wasio mahiri huelekea kujikadiria juu mno, hivyo alama hizo hulinganishwa na maoni ya wanafunzi na ya wenzao waliowaona wakifundisha wodini.