Ua Halingoji: Historia Fupi ya Biashara ya Maua Arusha

Biashara ya maua ya Arusha husimuliwa mara nyingi kana kwamba ilizaliwa pamoja na vitalu nyumba vya Usa River na Nduruma. Kwa heshima ya waliotutangulia, simulizi hiyo inafaa kusahihishwa. Wameru na Waarusha walikuwa wakichimba mifereji ubavuni mwa Mlima Meru na kugawana maji yake kwa zamu kabla Mjerumani hajajenga Boma la Arusha mwaka 1900. Wala mmea wa kwanza kupewa heshima huku kwetu si waridi. Ni sale, ambalo Wameru na jirani zao Wachaga hulitumia kuombea msamaha na kupatanisha waliokosana. Kwa hiyo wamisionari wa Leipzig walipofungua kituo Nkoaranga mwaka 1902 na Ilboru mwaka 1904, shada la harusi na la maziko lilifika mahali ambapo watu walikwisha kujua kusema jambo zito kwa jani bichi. Wameru na Waarusha hao wa mifereji ndio waasisi wetu, na hakuna shukrani itakayowatosha.

Kama maji yalikuwepo, na ubaridi wa mita 1,400 juu ya bahari ulikuwepo, mbona miaka ile hatukuuza ua bichi Ulaya, ambako maduka ya maua yalikuwa yakishamiri? Jibu langu ni njia. Reli kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na Arusha ikaingoja hadi 1929. Hata baada ya hapo ilibaki safari ya meli ya majuma kadhaa, na ua lililokatwa halina majuma hayo. Kilichoweza kusafiri ni mbegu na kilichokauka. Ushahidi mzuri uko Usambara. Mwaka 1892 mtawala wa Kijerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alikuta huko ua dogo la zambarau, akalipeleka kwao, na mwaka uliofuata likapewa jina la Saintpaulia. Kampuni ya mbegu ya Benary ya Erfurt ikalisambaza, na mwaka 1926 wakuza maua wa Los Angeles, Armacost & Royston, wakaagiza mbegu zake kutoka Ujerumani na Uingereza. Mmea wa msitu wetu ukawa bidhaa ya madirisha ya ugenini bila Tanga kuuza hata chungu kimoja. Pareto, iliyoanza kulimwa kaskazini katika miaka ya 1930, ilifuata kanuni hiyohiyo: ni ua, lakini lilisafiri likiwa limeanikwa.

Wapo watakaosema kwamba siri ya Arusha ni hali ya hewa. Sipingi kwamba bila usiku wa baridi wa Meru waridi halipati kichwa kizuri. Lakini baridi hiyo ilikuwepo mwaka 1911 kama ilivyo leo, na sababu isiyobadilika haiwezi kueleza mabadiliko. Wengine watasema soko la mjini lingetosha. Hoja hiyo ina uzito zaidi, kwa kuwa ni harusi, misiba na ibada za hapa nyumbani ambazo hazikuacha kuhitaji maua hata pale soko la nje lilipoyumba. Ila mji mdogo wa wakati ule, uliozungukwa na bustani za nyumbani, usingeweza kulisha mashamba makubwa.

Yaliyofuata yanajulikana. Uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, KIA, ulifunguliwa mwaka 1971. Mashamba ya waridi na krisanthemu yaliongezeka katika miaka ya 1990, ndege ikiwa imechukua nafasi ya meli. Chama cha wakulima wa mboga, maua, matunda na viungo, TAHA, kikaundwa mwaka 2004, makao yake hapa Arusha. Kituo cha pamoja cha forodha Namanga, mpakani na Kenya, kilizinduliwa mwaka 2018. Mwaka 2020 ukaja na UVIKO-19. Katikati yalikuwepo majaribu, na baadhi ya mashamba hayapo tena. Waliofanya kazi humo, wengi wao kina mama wa vyumba vya kufungashia, tunawakumbuka kwa shukrani.

Kutoka Usa River hadi KIA ni mwendo usiofika saa moja. Hata hivyo sehemu kubwa ya maua yetu imekuwa ikipandishwa ndege Nairobi, baada ya lori lenye jokofu kuvuka mpaka.