Mwito wa Istanbul chini ya Kilimanjaro

Anayeshuka kutoka Shirimatunda kuingia mjini Moshi hana safari ndefu kuifikia stesheni ya reli ya Tanga, reli ambayo Wajerumani waliifikisha hapa mwaka 1911. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka, ndiyo iliyowabeba askari wa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, na wengi wao walikuwa Waislamu.

Novemba 1914 Sultani Mehmed wa Tano wa Uturuki, kwa cheo chake cha ukhalifa, alitangaza jihadi dhidi ya Uingereza, Ufaransa na Urusi. Ujerumani haikuguswa, kwa kuwa ilikuwa mshirika wake. Utawala wa Kijerumani huku kwetu, ambao mwaka 1908 uliingiwa na hofu kubwa ya uasi wa Waislamu kwa barua iliyodaiwa kutoka Makka, sasa ukaueneza mwito huo wenyewe.

Unguja ikajibu. Sultani Khalifa bin Harub, Muibadhi aliyekuwa chini ya himaya ya Uingereza, aliwataka Waislamu wa Afrika Mashariki wasiwafuate Waturuki. Aga Khan wa Tatu, imamu wa Waismailia, naye aliwahimiza wafuasi wake wasimame na Uingereza. Wapo wanaoona hapo ugomvi wa madhehebu tu. Mimi naona zaidi mkono wa wakoloni, maana hata Sharifu Hussein wa Makka, Msunni kama khalifa, aliwaasi Waturuki Juni 1916 kwa msaada wa Waingereza.

Wanaoniuma ni askari wa kawaida. Kikosi cha 130 cha Wabaluchi, cha jeshi la Uingereza la India, kilikuwa na Waislamu wengi. Januari 1915, wakiwa Rangoon, waligoma kwenda vitani wakichelea kupigana na Waturuki, ndugu zao wa dini. Takriban 200 walihukumiwa. Kikosi kikaletwa Mombasa, na Februari 1916 kilikuwa Salaita, karibu na Taveta. Mwezi uliofuata kilipanda vilima vya Latema na Reata chini ya risasi. Huko juu waliwangojea Waislamu wengine, askari wa Mjerumani. Siku chache baadaye Waingereza wakaingia Moshi.

Machi 1924 Bunge la Ankara liliufuta ukhalifa. Lakini miito ya Uturuki huku kwetu haikuishia hapo: Januari 2017 Rais Erdoğan alifika Dar es Salaam, akaiomba Tanzania imsaidie kupambana na mtandao wa Fethullah Gülen, mpinzani wake, mhubiri Mturuki na Msunni kama yeye.