Kisu, Mshale na Kibaba: Maneno ya Kugawana katika Historia ya Singida

Kitenzi "gawa" ni kikongwe kuliko Kiswahili chenyewe. Wanaisimu wa lugha za Kibantu hukiandika "gab" katika umbo lake la kale, na sauti hiyo ya b bado iko hai Uganda, ambako "okugaba" ni kutoa na kugawa na "omugabo" ni fungu la mtu, na Rwanda, ambako watu "bakagabana". Kiswahili kiliilegeza b ikawa w, kisha kikalizalisha shina hilo bila uchoyo: kugawa ni tendo la mwenye kitu, kugawia kunamtaja mpokeaji, kugawanya kunaitazama hesabu, kugawanyika ni tendo lisilo na mtendaji, na kugawana ni kazi ya wote waliokaa mbele ya kitu hicho. Viambishi vidogo mwishoni mwa neno vinatosha kueleza nani ameshika kisu na nani anangoja.

Kiingereza hakina utaratibu huo, na kitenzi chake kikuu, "share", kinabeba mzigo mkubwa peke yake: kugawa, kugawana na kushiriki. Asili yake ni kukata. Katika Kiingereza cha kale "scearu" lilikuwa jina la kitendo cha kukata, na ndugu zake ni "shear", kunyoa kondoo, na jembe la plau linaloikata ardhi, ambalo hadi leo huitwa "share". Wataalamu wa asili za maneno huingiza katika ukoo huo hata "short", kifupi, na "shirt", shati, yaani vazi lililokatwa. Maana ya fungu la mtu ilitokana na kipande kilichokatwa, na kitenzi cha kugawana kilichelewa kuzaliwa mpaka mwishoni mwa karne ya 16. Kabla yake wakulima wa Uingereza walitumia "deal", ndugu wa "teilen" la Kijerumani. Siku hizi neno hilo limehamia kwenye biashara na mchezo wa karata, ingawa anayegawa karata bado anafanya kile kile cha zamani. "Lot" kilikuwa kijiti au kijiwe cha kupigia kura. Kila aliyetaka kipande cha shamba la pamoja alitumbukiza chake, na kipande kilichomwangukia kikaitwa kwa jina la kijiti.

Juu ya tabaka hilo la kisu na kijiti likaja jingine baada ya mwaka 1066, Wanormani walipoitwaa Uingereza na kuleta maneno ya Kifaransa na Kilatini: "part", "portion", "divide", na baadaye "ration" na "dividend". Haya ni maneno ya makarani. "Ration" limetoka kwenye neno la Kilatini la hesabu, na "dividend" maana yake ni kitu kinachopaswa kugawanywa. Kiingereza basi kina sakafu mbili, ya chini ya wakulima na ya juu ya wenye vitabu. Kiswahili nacho kimejengwa hivyo hivyo, isipokuwa sakafu yake ya juu ni ya Kiarabu, na Singida ni mahali pazuri pa kuitazama, kwa sababu mkoa huu uko mbali na pwani na kila neno lililofika huko lilifika pamoja na watu na shughuli zinazojulikana.

Wahadzabe, ambao baadhi yao wanaishi Munguli katika Wilaya ya Mkalama, karibu na bonde la Ziwa Eyasi, hawasemi lugha ya Kibantu, lakini ugawaji wao wa nyama umeandikwa sana kuliko wa kabila lolote mkoani. Mwanaanthropolojia Mwingereza James Woodburn alianza kuishi nao mwaka 1958. Aliona kuwa mnyama mkubwa akiuawa, baadhi ya viungo, kama vile moyo, figo na ulimi, ni nyama ya "epeme": huliwa na wanaume waliokwisha kuingizwa kwenye siri ya epeme, mahali pao pa faragha. Nyama iliyobaki huenda kwa kambi nzima, na aliyefyatua mshale hapati heshima ya kuigawa apendavyo. Woodburn alisisitiza jambo ambalo wanauchumi wengi hawakupenda kulisikia, kwamba ugawaji huo si mkopo wala biashara ya kupeana kwa zamu. Mwindaji hodari hutoa miaka yote bila kurudishiwa, na asiye hodari hula bila kuona haya. Mishale, hasa yenye ncha ya chuma, pamoja na vitu vingine vidogo, huzunguka mikononi mwa watu kwa njia ya kamari, ambayo huchezwa kwa kurusha vipande vya maganda ya mti. Mwenye mingi leo huenda kesho hana.

Kwa mzunguko wa ajabu, mshale ndio uliokaa ndani ya neno la kawaida kabisa la Kiswahili. "Sehemu" limetoka kwa Kiarabu "sahm", ambalo maana yake ya kwanza ni mshale. Waarabu wa kabla ya Uislamu walikuwa wakigawana nyama ya ngamia kwa kuchomoa mishale isiyo na ncha kutoka kwenye podo, kila mshale na mafungu yake, na mshale ukaishia kuwa jina la fungu. Uislamu uliukataza mchezo huo, lakini jina halikufutika. Ni njia ile ile ya "lot" la Waingereza, ila hapa chombo cha bahati ni silaha.

Maneno mengine ya Kiarabu yalifuata mahitaji ya hesabu. "Hisa" ni fungu. "Nusu", "theluthi", "robo" na "sudusi" ni visehemu vinavyotajwa katika Sura ya An-Nisaa, pamoja na thumuni na theluthi mbili, na ndivyo sita vinavyotumika kugawa mirathi ya Kiislamu. "Ushuru" limetoka kwenye neno la sehemu ya kumi. Kwa hiyo mkulima anayelipa ushuru wa gunia la vitunguu katika soko la Misuna mjini Singida na yule anayepeleka fungu la kumi kanisani wanatoa kitu ambacho kwa asili kilikuwa kimoja, japo hakuna anayekusanya ushuru leo kwa kiwango hicho. Thumuni nayo ina kituko chake: jina ni la sehemu ya nane, lakini Watanzania wamelitumia kuiita sarafu ya senti 50, ambayo ni nusu ya shilingi.

Maneno hayo yalipandishwa bara na misafara ya karne ya 19. Njia ya kati kutoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe, karibu na Tabora, ilipita Ugogo, kisha ikaingia Mgunda Mkali, nyika kavu ya vichaka ambayo sehemu yake kubwa sasa imo Manyoni na Itigi. Wasafiri wa Ulaya Burton na Speke waliipita mwaka 1857, Stanley mwaka 1871, na wote watatu waliandika kwa uchungu kuhusu hongo. Hongo ilikuwa malipo ya vitambaa, shanga na waya aliyotoa kiongozi wa msafara kwa watawala wa Ugogo kabla ya kuruhusiwa kupita na kuteka maji. Wasafiri hao waliiita unyang'anyi. Kwa Wagogo ilikuwa haki ya wenye nchi na visima juu ya mali iliyokuwa ikivuka ardhi yao, na msafara wa mamia ya watu ulimaliza maji na chakula cha wenyeji bila kusita. Leo neno hilo limebaki na maana ya rushwa tu. Hukumu ya wapitaji imeshinda hoja ya wenyeji, na imeshinda ndani ya lugha ya wenyeji wenyewe.

Ndani ya msafara kulikuwa na mgawo mwingine. Mpagazi alipewa posho, ama kibaba cha nafaka kwa siku, ama kitambaa cha kubadilishana na chakula vijijini. Kibaba kilikuwa kipimo kinachoonekana kwa macho, na ugomvi mwingi wa njiani ulizuka pale kiongozi alipokipunguza. Kipimo chenyewe kimeipisha kilo, lakini posho imepanda cheo. Siku hizi ni fedha ya kikao na ya safari ya mtumishi, na hugombewa kwa bidii ile ile.

Mirathi ndiyo iliyoonyesha kuwa neno moja la kugawana halikuwa na maana moja mkoani kote. Wanyaturu hufuata ukoo wa baba. Wanyisanzu wa kaskazini walifuata ukoo wa mama, kiasi kwamba mali ya mwanamume ilielekea kwa watoto wa dada yake. Familia za Kiislamu zilikuwa na visehemu vyao sita. Mwaka 1963 serikali ilitangaza amri ya sheria za kimila kwa ajili ya jamii za ukoo wa baba, ikiwapanga warithi katika madaraja matatu: mtoto wa kiume wa kwanza katika la kwanza, wana wengine wa kiume katika la pili, na mabinti katika la tatu. Kilichokuwa mazungumzo ya wazee kikaandikwa kwa namba, na mabinti wakaandikiwa nafasi ya mwisho kwa wino wa serikali. Ni vigumu kuyaita hayo maendeleo.

Nchi yenyewe nayo iligawanywa, lakini maneno ya kazi hiyo mara nyingi huficha kisu. Wajerumani walikuwa na boma Kilimatinde tangu miaka ya 1890 na baadaye Mkalama, na eneo la utawala waliliita "Bezirk", neno lililotoka kwenye Kilatini cha duara. "District" la Waingereza limetoka kwenye kitenzi cha kubana na kushurutisha: ni eneo ambalo bwana anaweza kumkamata mtu. "Region" ni la kutawala, na "ward" ni la kulinda. Kiswahili kilichukua "wilaya", lenye mzizi wa Kiarabu wa mamlaka, ule ule uliompa liwali jina lake, na "tarafa", ambalo kwa Kiarabu ni ukingo. Katika orodha hiyo ni "kata" peke yake inayokiri kuwa mtu alikata. Inakutana hapo na "share" la Kiingereza, lugha mbili zisizo na undugu zikitumia tendo lile lile.

Singida yenyewe ilikuwa ndani ya Jimbo la Kati, lililoongozwa kutoka Dodoma, hadi ilipofanywa mkoa mwaka 1963, ikiwa na Iramba, Manyoni na Singida. Mwaka 2012 Mkalama ilimegwa kutoka Iramba, na Ikungi kutoka Singida. Kumega ni neno la mlo, la mkono kwenye ugali, na waandishi wa habari hulitumia kwa wilaya bila kufikiri mara mbili. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 1,370,637 mkoani. Ile ya 2022 ilipita milioni 2. "Jimbo" halikufa, bali lilihamia kwenye uchaguzi wa wabunge na katika Kanisa Katoliki.

Dini na ushirika viliingia kwa mzizi mmoja wa Kiarabu, "sh-r-k", ambao umefanya kazi nyingi zinazogombana. Wamisionari Walutheri wa Augustana kutoka Marekani walianza kazi Iramba mwaka 1926, na katika kanisa lililokua kutokana na misheni kama hiyo, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), kundi la waumini wa mahali pamoja huitwa usharika. Wakatoliki husema parokia. Sheria ya vyama vya ushirika ilitungwa Tanganyika mwaka 1932. Vyama vikuu vilivunjwa na serikali mwaka 1976, vikaruhusiwa tena kwa sheria ya 1982, na wakulima wa alizeti wa leo wanakutana na neno hilo katika vyama vyao vya msingi. Shirika ni taasisi. Msikitini mzizi huo huo unatoa shirki, kumshirikisha Mungu na kitu kingine, dhambi kubwa kuliko zote. Mkazi wa Singida anaweza kuyasikia yote ndani ya wiki moja bila kuyachanganya.

Hisa ilisubiri muda mrefu kabla ya kushuka mtaani. Kiingereza kiliita mtaji wa kampuni "shares" tangu karne ya 17, enzi za kampuni za biashara ya baharini. Tanzania ilifungua mauzo katika Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 1998, lakini wanawake wengi wa vijijini walizoea neno hilo kupitia vikundi vya akiba na mikopo vya VICOBA, ambako hisa hununuliwa kila kikao na mwisho wa mzunguko kikundi "huvunjwa", yaani kila mtu huchukua akiba yake na faida. Gawio, lililoundwa kutokana na gawa kama "dividend" lilivyoundwa kutokana na kugawanya, husikika zaidi kwenye taarifa za mabenki na mashirika ya umma. Mgao umepata bahati mbaya: katika mazungumzo ya mjini maana yake ya kwanza ni umeme kukatika.

Neno jipya kuliko yote ni "kushea", lililotoka kwenye Kiingereza na kuenea pamoja na simu za mkononi. Mtu anashea picha, anashea chumba, anashea ushuhuda wake kanisani. Limeleta Kiswahilini kasoro ile ile ya asili yake, kwani kitenzi kimoja kinasimama mahali pa kusambaza, kugawana na kusimulia, na msikilizaji anaachiwa kazi ya kubashiri ni kipi. Kwa lugha yenye gawa, gawia, gawana na shiriki, huo ni mkopo usiohitajika.