Vielekezi vya Data na Nafasi ya Kiswahili katika Historia ya Urekebishaji wa Michezo ya Video ya Mkononi

1.0 Utangulizi

Itumba, makao makuu ya Wilaya ya Ileje katika Mkoa wa Songwe, ipo katika eneo ambalo Kindali, Kilambya na Kimalila husikika majumbani, ilhali Kiswahili ndicho lugha ambayo mtoto huanza kuisoma darasani. Michezo ya video ya mkononi iliyotolewa kuanzia mwaka 1989, ambayo sasa huweza kuchezwa katika simu kwa kutumia programu za kuigiza vifaa vya zamani, iliandikwa kwa sehemu kubwa kwa Kijapani na kutafsiriwa kwa Kiingereza na lugha chache za Ulaya. Kwa mtoto anayesoma Kiswahili peke yake, mchezo wenye hadithi ndefu ni kitabu kilichofungwa.

Kufungwa huko huelezwa kwa kawaida kwa sababu za soko. Insha hii haizikatai sababu hizo, bali inatetea hoja kwamba kulikuwa pia na kizuizi katika mpangilio wa data. Ubadilishaji wa vielekezi, yaani namba zinazoionyesha programu mahali matini yanapoanzia, ulikiondoa kizuizi cha urefu wa maneno. Haukuondoa kizuizi cha upatanisho wa kisarufi, na hicho ndicho kinachokigusa Kiswahili zaidi.

2.0 Kielekezi na Kazi Yake

Game Boy, kifaa cha kampuni ya Nintendo kilichobuniwa na kikosi cha Gunpei Yokoi, kilianza kuuzwa Japani mwezi Aprili 1989. Kichakato chake kiliweza kutaja anwani 65,536 tu, na katriji ilitengewa nusu yake. Ili mchezo uwe mkubwa zaidi, kumbukumbu ya katriji iligawanywa katika benki za baiti 16,384. Benki ya kwanza ilionekana wakati wote; nyingine zilionekana moja moja, kwa zamu, katika anwani 4000 hadi 7FFF za hesabu ya msingi wa kumi na sita.

Kielekezi cha kawaida kilikuwa na baiti mbili, na baiti ndogo ilitangulia. Kwa mfano, sentensi iliyoanzia nafasi ya 1C5A0 ya faili ilikuwa ndani ya benki ya 7, ambayo huanzia 1C000. Ziada ya 5A0 ikijumlishwa na 4000 hupatikana 45A0, nayo huandikwa A0 45. Anayetafuta 45 A0 katika faili hataiona.

Matini yalipangwa mfululizo, sentensi moja ikianza pale nyingine ilipoishia. Mfasiri aliyeandika sentensi ndefu kuliko ya awali alifuta mwanzo wa sentensi iliyofuata. Alikuwa na njia mbili: kukata maneno yake, au kuihamishia sentensi kwenye nafasi tupu na kurekebisha kielekezi. Njia ya pili ilikuwa na masharti. Nafasi mpya ilipaswa kuwa katika benki ileile, la sivyo namba ya benki nayo ibadilishwe, na mara nyingine namba hiyo ilikuwa imeandikwa ndani ya maagizo ya programu yenyewe. Kuongeza ukubwa wa faili kulidai kubadilisha baiti ya 0148 inayotaja ukubwa, kisha namba ya uhakiki katika 014D. Kifaa hukagua namba hiyo kinapowashwa, na isipolingana, mchezo hauanzi.

Game Boy Advance ya mwaka 2001 ililegeza masharti hayo. Katriji yake ilianzia anwani 08000000, bila kugawanywa kwa benki, na kielekezi kilikuwa na baiti nne. Nafasi ya 7A2C10 iliandikwa 10 2C 7A 08. Baiti ya mwisho, 08, ikawa alama iliyowasaidia warekebishaji kuvitambua vielekezi vingi kwa macho.

3.0 Pale Pasipo na Kielekezi

Si matini yote yaliyokuwa na vielekezi. Katika Pokémon ya kwanza, iliyotolewa Japani mwezi Februari 1996, majina ya viumbe yaliwekwa katika visanduku vyenye urefu sawa: herufi tano katika toleo la Kijapani na kumi katika toleo la Kiingereza. Jina fupi lilijaziwa alama ya mwisho hadi kisanduku kijae. Programu ililipata jina kwa kuzidisha namba ya kiumbe kwa urefu wa kisanduku.

Mfano huu una uzito katika hoja ya insha hii. Kisanduku cha herufi tano kiliongezwa hadi kumi kwa sababu Kiingereza kilihitaji hivyo na mwenye mchezo alikubali kuandika upya programu yake. Kwa hiyo, ufinyu uliokuwapo ulikuwa uamuzi wa mpangilio, wala haukuwa tabia ya lugha yoyote.

4.0 Kutoka Mkono hadi Lebo

Wapenzi wa michezo walianza kutafsiri kwa hiari yao katika miaka ya 1990, wakihariri faili baiti kwa baiti. Kazi yao ilisambazwa kwa faili ndogo za viraka zilizobeba tofauti tu, mara nyingi katika umbo la IPS. Umbo hilo hutaja nafasi kwa baiti tatu, hivyo halivuki megabaiti 16. Mpango wa viraka ulipunguza, bila kuumaliza, mgogoro wa hakimiliki. Nchini Tanzania kazi kama hizo zinaangukia Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999.

Tafsiri ya Kiingereza ya Mother 3, mchezo wa Game Boy Advance uliotoka Japani mwezi Aprili 2006, ilikamilika Oktoba 2008 chini ya uongozi wa Clyde Mandelin. Kubadilisha vielekezi hakukutosha. Ililazimu kuandika upya sehemu za programu zinazochora herufi kwenye kioo. Baadaye wanajamii wa programu huria waliigeuza michezo kadhaa ya Pokémon kuwa msimbo chanzo unaosomeka. Humo kila sentensi ina lebo, na kompyuta huvikokotoa vielekezi yenyewe. Hesabu iliyofanywa kwa mkono ikawa kazi ya mashine.

5.0 Kiswahili Mbele ya Kizuizi cha Pili

Urefu hauelemei Kiswahili kila mahali. Katika menyu, “Save” ya herufi nne huwa “Hifadhi” ya herufi saba, na “Run” ya tatu huwa “Kimbia” ya sita. Katika sentensi hali hugeuka: “I will not tell you” huchukua nafasi 19, “Sitakuambia” 11. Vielekezi hutatua tatizo la sentensi. Menyu, ambayo mara nyingi ina upana maalumu, hudai marekebisho ya programu.

Tatizo kubwa zaidi ni sentensi zenye pengo. Kiingereza huweza kuandika sentensi moja na kuchomeka jina la kifaa chochote. Kiswahili hudai “ufunguo umetumika”, “kitabu kimetumika”, “dawa imetumika”. Mfasiri anaweza kulikwepa pengo kwa kulifanya yambwa, kama katika “umetumia ufunguo”, lakini si kila tukio lina mtendaji. Suluhisho kamili ni kukipa kila kifaa namba ya ngeli, na kila ngeli sentensi yenye kielekezi chake. Kiswahili hapa kinahitaji vielekezi vingi zaidi, si vilivyohamishwa tu.

Historia ya Tanzania ina mfano wa kulinganisha. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004. Wafasiri wake hawakuhesabu baiti, kwa kuwa maneno ya programu hiyo huria yalikuwa yametengwa na maagizo yake. Hata hivyo, sentensi zenye mapengo ni tatizo la programu yoyote iliyotungwa kwanza kwa Kiingereza, iwe huria au iliyofungwa.

6.0 Hitimisho

Insha imeonesha kwamba mipaka iliyodhaniwa kuwa ya lugha ilikuwa mipaka ya jedwali. Waliojifunza kubadilisha kielekezi waliupata urefu. Waliopata msimbo chanzo waliupata muundo. Kwa Kiswahili, mafanikio ya kwanza bila ya pili yatatoa mchezo unaosomeka lakini usiosema Kiswahili sanifu. Msomaji mdogo wa Itumba, ambaye sarufi ya Kiswahili anajifunza kwa kusoma, ndiye atakayeathirika kwanza na tofauti hiyo.